Kwa nini baba anapumua kwa mawimbi usiku, na hesabu inaingiaje hapo

Swali: Daktari, shikamoo. Namuuguza baba, ana miaka 71, moyo wake umedhoofika na anameza dawa kila siku. Mchana anapumua kawaida. Usiku akishapitiwa na usingizi, pumzi zinaanza kidogo kidogo, zinakua mpaka anahema kama aliyepanda mlima, halafu zinafifia, halafu kimya. Nimepima kwa saa ya simu: kimya kinafika sekunde 20 na ushei, kisha anaanza upya. Daktari wake anasema chanzo ni moyo, wala si mapafu. Mdogo wangu anayesoma hisabati chuo kikuu anadai kuna mlinganyo unaoeleza jambo hili, nami naona anajitapa tu. Kweli moyo na pumzi za mtu vinaweza kuwekwa kwenye mlinganyo? Na kuna jirani ametushauri tununue mashine ya kusukuma hewa usiku. Tununue?

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Mdogo wako hajitapi. Mlinganyo upo, una karibu miaka 50, na nitakuonyesha jinsi ya kuufanya mwenyewe kwa kalamu na karatasi. La mashine nitalijibu mwishoni, maana bila hiyo hesabu jibu langu litakushangaza.

Unachokiona kina jina. John Cheyne, tabibu wa Dublin, alikieleza mwaka 1818, na William Stokes wa mji huohuo akakirudia mwaka 1854, ndiyo maana madaktari hukiita pumzi ya Cheyne-Stokes. Ukimtazama mgonjwa, ni rahisi kudhani ubongo umechoka: unasahau kupumua, unashtuka, unakumbuka, unasahau tena. Ni dhana inayoeleweka, lakini haituambii kwa nini mawimbi yanakuja kwa zamu karibu sawa. Aliyesahau hasahau kwa ratiba.

Tuanze na kinachoamuru pumzi. Watu wengi huamini tunavuta hewa kwa sababu mwili unadai oksijeni. Mtu akiwa ametulia, kinachomwongoza zaidi ni hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi, ambayo seli zake zinaizalisha muda wote. Ikizidi kidogo kwenye damu, shina la ubongo linaagiza pumzi nzito. Ikipungua, agizo linalegea. Ikishuka chini ya kiwango fulani naye amelala, agizo linakatika kabisa, na mtu hapumui mpaka hewa ukaa ijikusanye tena. Kwa hiyo kile kimya kinachokutisha, mara nyingi si ubongo kusahau. Ni ubongo kuridhika kupita kiasi: wakati wa kuhema baba ametoa hewa ukaa nyingi mno, na sasa hakuna cha kumsukuma avute.

Swali linabaki: kwa nini aheme kupita kiasi? Hapo ndipo moyo unapoingia. Vipimo vya hewa ukaa havipo mapafuni. Viko shingoni, kwenye ateri zinazopanda kichwani, na vingine ndani ya ubongo kwenyewe. Damu iliyotoka kusafishwa mapafuni lazima ipite upande wa kushoto wa moyo, isukumwe, isafiri hadi shingoni, ndipo ionjwe. Kwa mwenye moyo mzima safari hiyo ni ya sekunde chache. Moyo uliodhoofika unaisukuma damu taratibu, safari inarefuka, pengine mara mbili na zaidi. Ubongo wa baba, kila unaposoma kipimo, unasoma habari iliyochacha.

Mfikirie mwanagenzi aliyekabidhiwa usukani wa meli kubwa. Anazungusha usukani kulia, meli haigeuki. Anaongeza. Haigeuki. Anaongeza tena, na ghafla meli inageuka kwa jumla ya yote aliyoyafanya. Anarudisha kushoto kwa hofu, mambo yanajirudia upande wa pili. Ukitazama povu nyuma ya meli utaona nyoka. Injini haina kasoro, usukani hauna kasoro, bahari imetulia.

Sasa chukua karatasi. Tutaandika hewa ukaa imezidi kiwango chake kwa kiasi gani, sifuri ikimaanisha iko sawasawa. Tuseme baba amejigeuza kitandani, pumzi ikakwama kidogo, hewa ukaa ikazidi kwa 8. Usijali ni 8 ya nini. Kanuni ni moja: kila pumzi, ubongo unatoa nusu ya kiasi unachokisoma. Kama unasoma papo hapo, utaandika 8, 4, 2, 1. Pumzi tatu nne hivi, shwari.

Shika kanuni ileile na nusu ileile, ila sasa ubongo usome namba ya pumzi 3 nyuma. Mwanzoni unasoma sifuri ya zamani, kwa hiyo haufanyi lolote: 8, 8, 8, 8. Hatimaye 8 ya kwanza inafika, unatoa 4, inabaki 4. Inayofuata nayo ni 8, unatoa 4 nyingine: sifuri. Hapa ndipo ungepaswa kuacha, tumefika tulipotaka! Lakini barua iliyo mkononi, yaani ile namba ya pumzi 3 nyuma, bado inasema 8. Unatoa: −4. Barua ya mwisho ya 8: −8. Halafu zinakuja habari za namba zilizoanza kushuka, na safari inaendelea hivi: −10, −10, −8, −4, 1, 6, 10, 12.

Tazama ulichokiandika. Tulianza na 8, tukazama hadi −10, tukaibukia 12. Kosa dogo limekua badala ya kufa. Ukiendelea, litazidi kukua, na kwenye karatasi hakuna cha kulizuia. Kwenye mwili kipo: huwezi kupumua chini ya kutopumua. Wimbi likigonga sakafu hiyo, ndicho kile kimya ulichokipima kwa simu. Na kutoka kilele kimoja hadi kingine tumehesabu pumzi 13 au 14. Kwa pumzi moja kila sekunde 4, ni karibu dakika nzima. Kwa wagonjwa wa moyo, wimbi moja zima kwa kawaida huchukua kati ya sekunde 45 na 90. Usiishangilie mno hesabu yetu, namba nimezichagua mimi. Lakini umbo lake si la kuchagua: limezaliwa na kuchelewa.

Rudia mara ya tatu, ucheleweshaji uleule wa pumzi 3, ila ubongo uwe mpole, utoe sehemu moja ya tano tu. Utapata 8, 8, 8, 8, 6.4, 4.8, 3.2, 1.6, kisha namba inapita chini kidogo ya sifuri na kutulia polepole. Hakuna mawimbi ya kudumu. Kumbe kuchelewa peke yake hakutoshi. Lazima kukutane na mwitikio mkali. Hili ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote, na ndilo ambalo macho matupu yasingelitambua kando ya kitanda.

Ushahidi wa nje ya karatasi upo. Mwaka 1956 Arthur Guyton na wenzake walirefusha kwa mirija njia ya damu kutoka moyoni kwenda kichwani kwa mbwa, na baadhi yao wakaanza kupumua kwa mawimbi. Ila ucheleweshaji uliohitajika ulikuwa mkubwa kuliko ule wa wagonjwa wa kawaida, jambo linaloashiria kwamba kwa wagonjwa kuna kitu kingine kinachosaidia. Kitu hicho ni ule ukali: maji yakituama mapafuni kwa sababu moyo haumalizi kazi, neva za humo humchochea mgonjwa aheme zaidi, na vipimo vyake vya hewa ukaa huwa vyepesi kushtuka. Ushahidi wa pili unatoka milimani. Watu wazima wa afya wakilala kwenye miinuko mikubwa, nao hupumua kwa mawimbi, kwa sababu uhaba wa oksijeni umeufanya mwitikio wao uwe mkali. Lakini mioyo yao ni mizima, damu inafika shingoni upesi, na wimbi lao ni fupi, sekunde 20 hadi 30 hivi. Ukali umeleta mawimbi. Kuchelewa kumeamua urefu wake. Modeli nzuri, yaani hesabu inayoiga mwili, ni ile inayoeleza hali mbili kwa mlinganyo mmoja, bila kubadilisha chochote ila namba.

Mlinganyo anaousema mdogo wako, nadhani, ni wa Michael Mackey na Leon Glass wa Chuo Kikuu cha McGill, uliochapishwa mwaka 1977. Ukiusoma kwa maneno unasema hivi: mabadiliko ya hewa ukaa ni kiasi kinachozalishwa, ukitoa kiasi kinachotolewa kwa kupumua, na kupumua huko kunategemea hewa ukaa ya muda uliopita. Basi. Tofauti na karatasi yetu ni kwamba wao hawakutumia "nusu" bali mstari uliopinda, unaopanda taratibu na kujaa juu, jinsi mapafu halisi yanavyofika kikomo. Walipendekeza pia wazo ambalo mpaka leo naliona kubwa: kuna magonjwa ambayo hakuna kiungo kilichooza wala mdudu aliyeingia, ila mwendo wa mfumo mzima umehama kutoka kutulia kwenda kuyumba.

Umeuliza kwa nini mchana hayaonekani? Hukuuliza, lakini ungeuliza. Mtu akiwa macho, ubongo wake unampa msukumo wa kupumua hata hewa ukaa ikipungua. Usingizi unaondoa msukumo huo na kuacha uongozi wote mikononi mwa kipimo kinachochelewa. Tena akilala chali, maji yaliyokuwa miguuni mchana kutwa yanarudi kifuani.

Na moyo wenyewe? Mdundo wake una hadithi ndefu zaidi, nitaipitia kwa haraka. Mwaka 1928 Waholanzi wawili, Balthasar van der Pol na Jan van der Mark, walitengeneza saketi ya umeme inayodunda kama moyo. Siri yake inafanana na ndoo iliyowekwa kwenye egemeo, inayojazwa na bomba: inajaa taratibu, ikifika kiasi inapinduka ghafla, inarudi, inaanza kujaa. Hakuna saa yoyote ndani yake, lakini inapinduka kwa mpangilio. Walipolegeza muunganisho kati ya sehemu za saketi yao, ikaanza kuruka mapigo kama moyo ambao umeme wake hautoki vizuri vyumba vya juu kwenda vya chini.

Miaka 32 baadaye Denis Noble, akiwa bado mwanafunzi wa utafiti London, aliandika milinganyo ya seli ya moyo kwa kufuata njia ambayo Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliitumia mwaka 1952 kwa neva ya ngisi. Aliandika jinsi sodiamu inavyoingia na potasiamu inavyotoka kupitia milango ya utando wa seli, akaipa kompyuta ya zama hizo ikokotoe, na seli ya kwenye karatasi ikadunda yenyewe. Kilichonivutia siku zote ni jaribio dogo unaloweza kulifanya kwenye milinganyo hiyo na si rahisi kulifanya kwa jicho: zuia voltiji isibadilike, acha mengine yote yawe huru. Mdundo unakufa papo hapo. Maana yake hakuna mlango hata mmoja uliokuwa na mdundo wake wa siri. Voltiji inafungua milango, milango inabadilisha voltiji, na mdundo unakaa kwenye huo mzunguko.

Moyo na pumzi havikai mbali. Kaa kimya, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, vuta pumzi ndefu kwa sekunde 5, itoe kwa sekunde 5. Ukiwa na subira utahisi mapigo yakisogeleana unapovuta na kuachana unapotoa. Carl Ludwig aliunasa mchezo huu kwa chombo cha kuchora mwaka 1847. Kwa kijana mwenye afya tofauti ni dhahiri. Kwa baba huenda usiihisi, kwa kuwa umri na ugonjwa wa moyo hupunguza mguso wa ile neva inayoufungia moyo breki. Usimpime ukaogopa bure.

Watu husema modeli hizi ni michezo ya wasomi. Baadhi ni michezo, nakiri. Modeli yangu ya kwanza ya mapafu nilikosea alama moja ya kutoa, na mgonjwa wangu wa kompyuta akatoa pumzi kwa dakika 40 bila kuvuta hata mara moja, akiwa na afya njema kwa mujibu wa grafu. Lakini kuna moja inayofanya kazi usiku na mchana kwenye wodi za wagonjwa mahututi: muda wa msingi wa kupimia jinsi mapafu yanavyojiondolea hewa unapatikana kwa kuzidisha ukinzani wa njia ya hewa (jinsi inavyobana) na unyumbufu wa mapafu (jinsi yanavyotanuka kwa urahisi). Mgonjwa wa mashine ya kupumulia mwenye ukinzani wa 10 na unyumbufu wa 0.05, kwa vipimo vya lita, sekunde na sentimita za maji, anapata nusu sekunde. Inahitajika mara 3 ya muda huo kutoa asilimia 95 ya hewa, yaani sekunde moja na nusu. Sasa mgonjwa wa pumu iliyobana, ukinzani umepanda hadi 30: anahitaji sekunde 4.5. Ukiiweka mashine impe pumzi 20 kwa dakika, kila pumzi ina sekunde 3 tu, kuvuta na kutoa. Hewa haiwezi kutoka yote. Inabaki, inarundikana, kifua kinavimba, damu inashindwa kurudi moyoni na presha inaporomoka. Asiyejua hesabu hii anaongeza kasi ya mashine kwa huruma. Anayeijua anapunguza.

Hapo ndipo nirudi kwenye mashine ya jirani. Hoja yake ina mantiki: mawimbi yanamtesa mzee, basi tuyasawazishe. Na kuna mashine zinazofanya hivyo kwa ufundi mkubwa, zinazosukuma zaidi pumzi inapofifia na kujizuia anapohema. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti ulioitwa SERVE-HF, wenye wagonjwa 1,325 ambao moyo wao ulikuwa ukisukuma asilimia 45 au chini ya damu iliyomo kwenye chumba chake kikuu. Mashine iliyasawazisha mawimbi vizuri. Lakini waliopewa mashine walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Utafiti mwingine uliofuata, kwa mashine ya muundo tofauti, haukuona ongezeko hilo la vifo, ila nao haukuonyesha maisha kurefuka.

Kwa nini, bado watu wanabishana. Wapo wanaosema kusukuma hewa kifuani kunauelemea moyo dhaifu. Wapo wanaosema huenda mawimbi yenyewe yana faida ndogo kwa mgonjwa. Mimi naona mlinganyo wa Mackey na Glass ulituonya mapema kwa namna yake: ndani yake wimbi ni tokeo la kuchelewa na ukali, na mashine haigusi kimoja kati ya hivyo viwili. Dawa za moyo zinavigusa vyote, kwa kuharakisha damu na kukausha mapafu. Lakini pia mlinganyo huo hauna mahali popote palipoandikwa kifo, kwa hiyo usingeweza kutabiri matokeo ya 2015. Yalihitaji wagonjwa na miaka ya kusubiri.

Kwa hiyo msinunue kwa ushauri wa jirani. Kama daktari wake anaona mashine inafaa, kwanza atataka kujua moyo unasukuma asilimia ngapi, na baba alale usiku mmoja akiwa amefungwa vipimo, kwa sababu kuna kukatika kwa pumzi kunakotokana na koo kuziba, ambako tiba yake ni nyingine kabisa. Dalili mojawapo ya kuvitofautisha unaweza kuiona mwenyewe: koo likiziba, kifua na tumbo vinahangaika wakati hewa haipiti, mara nyingi kwa kukoroma; lakini katika kimya cha pumzi ya Cheyne-Stokes, kifua kinatulia tuli.

Usiku wa leo pima kitu kimoja zaidi. Usipime kimya peke yake. Pima kutoka kilele cha kuhema hadi kilele kinachofuata, mara 5, uandike. Andika pia alilala chali au ubavu, kwani baadhi ya wagonjwa hupata nafuu wakilala ubavu au wakiinuliwa kichwa na kifua. Asubuhi mpime uzito kabla hajanywa chai, umtazame na miguu kama imevimba. Karatasi hiyo mpelekee daktari wake pamoja na orodha ya dawa anazomeza. Wimbi linalozidi kurefuka wiki hadi wiki, uzito ukipanda, ni habari anayotakiwa kuipata mapema. Akiamka anakabwa na pumzi, akiumwa kifua au akichanganyikiwa, msisubiri asubuhi. Na mdogo wako mwambie aifanye hesabu yetu kwa pumzi 2 badala ya 3, aone kinachotokea.